Nyumba Ndani ya Kompyuta ya Zamani

Wenye macho hudhani kompyuta ni dirisha. Kwangu mimi ni nyumba, na kwa miaka kumi na sita nilikuwa nikiingia humo kila asubuhi saa mbili kamili, hedifoni masikioni na viatu nimevivua chini ya meza. Skrini siioni. Nilipoteza macho nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa homa iliyonilaza wiki tatu, na siku nilipozinduka niliuliza kwa nini hawajafungua madirisha. Yalikuwa wazi yote.

Kazi yangu ni kuchapa ripoti za hospitali. Madaktari wa picha za eksirei husemea kwenye kinasa sauti, mimi nasikiliza, nachapa, na ripoti inarudi wodini ikiwa safi. Programu ya sauti hunisomea kila kilichopo kwenye skrini, nami nimeizoesha kwenda mbio kiasi kwamba mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama redio yangu imeharibika. Vidole navyo havibaki nyuma. Chumba kizima cha uchapaji kinaniita Cherehani, na jina hilo sijalikataa, kwa sababu nalistahili.

Sasa, hiyo nyumba. Nilipofundishwa mfumo ule, ambao siku hizo ulikuwa mpya na leo ndio wanaouita wa zamani, mwalimu aliniambia kwamba humo kila kitu kina mahali pake. Bonyeza kitufe cha kishale cha chini mara nne, cha kulia mara moja, hapo kuna folda ya ripoti. Cha chini mara mbili, hapo kuna barua. Nilihangaika wiki nzima na hesabu hizo hadi kichwa kikauma. Ndipo nikapata mbinu yangu mwenyewe. Nikaipanga kompyuta kwa ramani ya nyumba tuliyokulia, kama nilivyoiona kwa macho yangu kabla ya homa. Ukurasa wa kwanza ukawa ua. Barua nikazipeleka chumbani kwa Baba, maana ndiye aliyekuwa akiandikiwa. Ripoti nikaziweka sebuleni. Faili za miaka iliyopita zikaenda uvunguni mwa kitanda cha Mama, tulikokuwa tukificha kila ambacho hatukutaka wageni wakione. Na pipa la taka, ambalo mfumo wenyewe uliliweka kona ya mwisho kabisa, likaangukia stoo ya nyuma, penye magunia na baiskeli iliyovunjika. Tangu siku hiyo sikupotea tena.

Na sebuleni, dirishani, yupo Mama. Hili sikuwahi kumwambia mtu. Kitu cha mwisho ninachokumbuka kukiona vizuri ni Mama amesimama pale, ameinua sindano kwenye mwanga, jicho moja amelifumba, anatia uzi. Ana miaka thelathini na miwili. Midomo ameikunja kidogo, kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Kila nilipofungua folda ya ripoti nilimkuta. Mama alifariki miaka tisa iliyopita, na nyumba yetu ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Pale palipokuwa sebule sasa yanapita malori. Nje ya kompyuta sura yake hunitoroka. Nikikaa nyumbani nikajaribu kuikumbuka inakuja nusu, kama kitambaa kilichofuliwa mpaka rangi ikaisha. Lakini kishale chini mara nne, kulia mara moja, na yule pale, mzima, na uzi wake.

Jumatatu moja mkubwa wetu wa kazi aliingia. Huwa tunamjua kwa funguo zake. Anazo nyingi kiunoni na zinafika kabla yake. Akatangaza kwamba kuanzia wiki inayofuata hospitali nzima inahamia mfumo mpya, kwa sababu wa zamani hautengenezwi tena na wanaoendelea kuutumia wanakaribisha wezi wa mtandaoni. Kisha akaja mezani kwangu, akavuta kiti.

"Wewe, Mama Cherehani, tumekupa hiari," akasema. "Ukitaka tutakuachia kompyuta yako kama ilivyo. Ila itatolewa kwenye mtandao. Utachapa mialiko ya vikao na barua za kawaida, watu watakuletea kwenye flashi. Ripoti za madaktari zitakwenda kwa wenzako."

"Na nikihama?"

"Ukihama unaendelea na ripoti zako. Nipe jibu Ijumaa mchana."

Hiari ni neno zuri sana, hasa kwa anayeitoa. Nilimwambia nimesikia. Funguo zikaondoka.

Jumanne nikaletewa fundi wa kompyuta anionyeshe huo mfumo mpya. Ni mwanamume wa makamo, mpole, anatafuna peremende muda wote, na ana tabia ya kusema "rahisi tu" kabla ya kila jambo gumu. Alikuwa tayari ameweka programu ya sauti, ile ile niliyoizoea, nami kwa hilo nilimshukuru.

"Rahisi tu, Mama Cherehani," akasema. "Huku huhitaji kukumbuka kitu kiko wapi. Andika jina lake, kitakuja."

"Kitatoka wapi?"

"Popote."

"Popote ndiyo wapi, Fundi?"

Nilisikia peremende ikigonga meno, ikahama shavu. Nikaandika "ripoti" na ripoti ikaja. Sikuwa nimevuka ua wala kugusa mlango. Nikaandika "barua", barua ikaja. Nilijihisi nimesimama mahali pasipo sakafu wala ukuta, naita vitu kwa majina, vinakuja vikielea mpaka mkononi, nikiviachia vinarudi vilikotoka. Kulikuwa kimya humo, kimya cha mtu aliyezamisha masikio majini. Na niseme ukweli, palikuwa pazuri. Nilikaa zaidi ya nilivyokusudia, naita hiki, naita kile, mwili umekuwa mwepesi, hata sauti ya Fundi nikawa naisikia kwa mbali kama ya mtu wa chumba kingine. Vidole vilinitangulia. Vikaandika "Mama".

Sauti ikasoma: hakuna kilichopatikana.

Nikavua hedifoni nikamwambia Fundi inatosha kwa leo. Akauliza kama amekosea. Nikamwambia hapana, na nikamwambia kwa ukali, hivyo bila shaka alijua kuna kitu.

Jumatano alirudi akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Alikuwa ametumia saa zake zote za mapumziko akinishughulikia. Akanivutia kiti mwenyewe.

"Nimeelewa tatizo lako," akasema. "Wewe umezoea ya zamani. Kwa hiyo mfumo ni mpya, lakini nimeufanya ufanane na ule wa zamani, hutaona tofauti hata kidogo. Rangi ni zilezile. Vitufe upande uleule. Mpaka ile picha ya nyuma, ya mlima, nimeitafuta nikaipata."

Wachapaji wenzangu waliacha kuchapa. Mimi nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nilicheka mpaka nikalazimika kushika meza, na wenzangu nao wakapasuka. Ilimchukua Fundi muda kuelewa, na alipoelewa akasema "Aisee" kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayetafuta pa kujificha. Nilimwonea huruma. Alikuwa amenipambia nyumba kwa ajili ya macho yasiyokuwepo.

"Mlima upi?" nikamuuliza, ili nimwokoe.

"Ule wa kwenye skrini yako. Una theluji juu. Ulikuwepo siku zote."

Hilo likanikata kicheko. Miaka kumi na sita nyumba yetu ilikuwa imesimama chini ya mlima wenye theluji, na hakuna aliyewahi kuniambia. Alasiri yote nilichapa nikiwa na baridi mgongoni. Nilipopita uani niliinua uso, nikajaribu kuuweka mlima nyuma ya paa, ukakataa kukaa.

Alhamisi mdogo wangu wa kike alinipitia saa kumi kama kawaida. Yeye ni kitinda mimba wa kwetu, alizaliwa miaka miwili baada ya homa yangu, na anafanya kazi jengo la pili la hospitali hiyohiyo, chumba cha kufulia mashuka. Huja akinukia sabuni na mvuke. Mimi hushika kiwiko chake na tunatembea hadi nyumbani, dakika ishirini, yeye akiongea kumi na tisa. Kati ya maneno yake hunipa njia bila hata kupumzika: ngazi, ngazi, maji, geuka.

"Kesho ndiyo Ijumaa," akasema tulipovuka lango. "Umeamua?"

"Nabaki na ya zamani."

"Ubaki unaandika mialiko ya vikao? Wewe? Ngazi. Dada, utagombana na kila mtu ifikapo Jumatano."

"Nina sababu zangu."

"Zipi?"

Labda nilikuwa nimechoka, au ni ule mlima ulionivuruga. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu ua, na chumba cha Baba, na Mama dirishani na sindano yake. Nilimwambia kwamba wakizima mfumo ule sitajua tena pa kumkuta. Mwanzoni alifurahi kuliko nilivyotegemea. Faili za uvunguni mwa kitanda zilimchekesha mpaka tukasimama kando ili wengine wapite.

"Na jikoni umeweka nini?"

"Namba za simu."

"Hapo umepatia. Umbea wote wa ukoo ulipitia jikoni." Tukaendelea kutembea. Akavuta pumzi, bado anacheka. "Haya, na mimi je? Nalala chumba gani?"

"Wewe hukuwepo," nikasema. "Nyumba niliyonayo ni ile niliyoiona. Ulikuwa hujazaliwa."

"Sawa, lakini chumba changu si kilikuwepo? Ile stoo ya nyuma. Baba aliitoa magunia nilipofika miaka minne, akaipaka chokaa. Nimelala humo mpaka nilipoondoka nyumbani. Maji. Humo kuna nini?"

Nikajifanya nasikiliza magari ya barabarani.

"Dada. Stoo umeweka nini?"

"Pipa la taka."

Nilitegemea atacheka. Nilitaka acheke, na nilishaanza kuandaa cha kusema ili tucheke pamoja. Akasema tu "Aha." Kiwiko chake hakukitoa mkononi mwangu. Alinitajia ngazi zote na mashimo yote, hakuruka hata moja, lakini hakuongeza neno, na kabla ya siku hiyo sikuwahi kujua njia hiyo ni ndefu kiasi gani. Mlangoni kwangu ndipo aliposema.

"Na yule Mama niliyemwogesha mimi mwaka wake wa mwisho? Yule mzee. Naye hayumo?"

"Hayumo."

"Basi una nyumba kubwa ajabu," akasema, "isiyo na watu."

Nikasikia hatua zake zikishuka, na harufu ya sabuni ikabaki kidogo kisha nayo ikaondoka.

Ijumaa asubuhi sikugusa ripoti. Niliingia uani nikapita moja kwa moja hadi mwisho, kona ya nyuma kabisa, ambako huwa naenda kutupa tu na kurudi. Sauti ikasema: pipa la taka, vitu mia mbili na kumi na tatu. Nikasimama hapo. Nilikuwa nakijua chumba kile, nakijua vizuri kuliko vyote, ila si kwa macho. Siku Baba alipokipaka chokaa mimi ndiye niliyemshikia ndoo, na chokaa ilinikauka mikononi ikanikaza ngozi hadi jioni. Ukuta wake ulikuwa mmoja na wa chumba changu. Mdogo wangu alikuwa akiugonga kwa kisigino akiwa amelala, akitaka nimhadithie, na mimi nilihadithia nikiwa nimeuelekezea ukuta mdomo, tena hadithi ndefu za uongo, mpaka kisigino kinyamaze. Yote hayo niliyaishi katika nyumba ileile. Na nilipokaa kuijenga upya, kwa akili zangu timamu, sikuingiza hata moja. Nilikuwa nimefunga mlango siku ya homa na kuwaacha nje wote waliokuja baadaye, na mdogo wangu, anayeniongoza kila siku ya Mungu, nilimpa jalala. Niliona aibu hadi masikio yakawaka ndani ya hedifoni.

Kisha nikaenda sebuleni. Kishale chini mara nne, kulia mara moja. Mama alikuwa pale dirishani. Nilikaa naye mpaka niliposikia funguo zikija kutoka mwisho wa ukumbi. Sikumuaga. Katika miaka yote ile hakuwahi kugeuka, na sikuona kwa nini angegeuka siku hiyo.

"Nahama," nikamwambia mkubwa kabla hajauliza.

"Una uhakika? Nilidhani utabaki."

"Na mimi nilidhani hivyo."

Jumatatu Fundi aliibeba kompyuta yangu. Niliisikia ikitoka mlangoni, waya wake ukiburuzika sakafuni. Wiki zilizofuata sizitamani. Kasi yangu ilishuka hadi jina la Cherehani likageuka kejeli, na kuna siku niliita ripoti ya mguu ikaja ya kifua, nikaichapa nusu nzima kabla ya kushtuka. Fundi alikuwa akija kila asubuhi. Safari hii alijifunza jambo: alizima skrini, akavaa hedifoni nyingine, akajaribu kufanya kila anachonifundisha akiwa gizani kama mimi. Alipotea vibaya. Alijua sasa kwamba si rahisi tu, na hata neno lenyewe akaliacha. Tulikuwa wawili wasiojua waendako, na hilo lilinisaidia zaidi ya mafunzo.

Taratibu nikazoea kuita. Kuna nyakati, alasiri, kazi ikinichukua, narudi kwenye ule wepesi wa siku ya kwanza, na vitu vinakuja vikielea kutoka kusikojulikana. Lakini Mama hakuja. Mwanzoni nilimtafuta. Nilibonyeza mara nne chini na mara moja kulia, hapakuwa na kitu hapo, sauti ikasoma tarehe ya siku ile. Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi nilikuwa na pa kumkuta na sasa sikuwa napo. Kufikia wiki ya tatu hata ile nusu ya sura niliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa imekwisha. Nilikumbuka kwamba kulikuwa na dirisha. Uso ulikuwa mwanga tu.

Mdogo wangu hakuacha kunipitia hata siku moja. Hasira zake si za kuacha kazi. Ni za kuifanya bila maneno. Tangu Alhamisi ile tulikuwa tunarudi kwa ngazi, ngazi, maji, geuka, na salamu. Nilimwambia nimehamia mfumo mpya, akasema vizuri. Nilimwambia nilikosea kuhusu kile chumba. Akasema yamepita, kwa sauti ya mtu ambaye hayajampita.

Siku moja katika wiki hiyo ya tatu, jua lilikuwa bado kali. Tulikuwa tumefika pale barabara inapopanda, penye maduka ya vifaa vya ujenzi, watu wengi njiani.

"Mama amenipotea," nikasema. "Sura yake. Siioni tena kabisa."

Mwendo wake ukapungua.

"Si kwamba nakulaumu. Nimeamua mwenyewe. Nimetaka ujue tu."

"Pole, Dada," akasema. Ilikuwa pole ya kweli, ya kwanza tangu tugombane.

Sisi kwetu si watu wa kupapasana nyuso. Hayo huwa kwenye filamu. Mdogo wangu nimembeba mgongoni, nimemsuka nywele, nimemkung'uta alipostahili, na sura yake haikuwahi kunipitia akilini kama kitu ambacho mtu anaweza kuuliza. Kwangu alikuwa sauti na harufu na kiwiko. Nilipofungua kinywa nilijiona mjinga, kwa umri ule.

"Wewe ukoje?" nikamuuliza.

"Nikoje vipi? Niko salama."

"Sura. Una sura gani? Sijawahi kukuuliza."

Akasimama. Nami nikasimama, na mtu aliyekuwa nyuma yetu akatugonga akaomba radhi akapita. Kiwiko chake kilikuwa kimekaza mkononi mwangu. Nilidhani nimemkosea tena.

"Dada," akasema polepole, "hakuna aliyewahi kukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Nimemchukua Mama kwa sura. Nimemchukua mzimamzima. Waliomjua wakinikuta njiani hushtuka." Akautoa mkono wangu kiwikoni, akauinua, akauweka usoni kwake, pale pale kati ya watu. "Tulidhani unajua."